Ukungu wa nje, ukungu wa ndani: rangi za maji katika kipupwe cha Moshi

Leo ni siku ya tisa sijauona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nikifungua dirisha asubuhi naona mgomba wa jirani, nyuma yake mgomba mwingine uliofifia, nyuma yake kivuli tu cha mgomba, na dunia imeishia hapo. Wanafunzi wangu wa uchoraji wameshaanza kuulizana kwenye grupu: "Mwalimu, si tungoje jua lirudi ndipo twende kuchora wanyama?" Kila Julai ni swali hilohilo, na kila Julai jibu langu ni lilelile: njooni, ila maji yaacheni nyumbani.

Kwa ninyi wa pwani, ambao Julai kwenu ni upepo mtamu tu, niwaeleze kidogo hali ya huku. Kusi uleule unaojaza matanga yenu ndio unaotuletea sisi unyevu wa bahari. Ukifika kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro na Meru hauna pa kwenda ila juu. Unapanda, unapoa, unageuka wingu, na wingu linatukalia vichwani kuanzia Juni hadi Agosti. Mvua ya maana hainyeshi, ni manyunyu. Arusha, ambako ni juu kuliko Moshi, alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Mzungu atacheka akisikia tunaiita hii baridi, lakini rangi ya maji haingoji theluji ndipo ikusumbue. Unyevu unaitosha.

Rangi ya maji ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan. Maji ndiyo yanayoubeba huo unga juu ya karatasi, kwa hiyo kazi ya mchoraji, ukiipunguza hadi kwenye mfupa, ni kujua maji yako wapi na yanaelekea wapi. Januari hapa Moshi, mpako mwepesi wa anga unakauka hujamaliza kusuuza brashi. Julai nimewahi kuuacha mpako wa namna hiyo, nikachemsha chai, nikainywa, nikarudi nikaukuta bado unang'aa. Balaa liko pale katikati, mng'ao ukishapotea lakini karatasi haijakauka. Ukigusa hapo kwa brashi iliyojaa, maji mapya yanaisukuma rangi ya mwanzo pembeni na kuacha doa lenye kingo za kuchanikachanika. Darasani tunaliita koliflawa. Mtu akichora anga lenye koliflawa tatu, najua bila kuuliza kwamba alikuwa na haraka.

Jicho halitoshi kupima ukavu. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole: penye maji panakuwa baridi, kwa sababu maji yanapopaa yanaondoka na joto. Shida ni kwamba kwenye kipupwe kila kitu ni baridi, hata meza. Basi gusa kwanza pembe ya karatasi ambayo hukuipaka, halafu uguse penye rangi, ulinganishe. Ukihisi tofauti, subiri.

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha sikusubiri. Niliwasha jiko la mkaa, nikaegemeza karatasi kwenye kiti mbele yake, nikajiona mjanja. Upande uliotazama jiko ulikauka mara moja, ule mwingine ukabaki umelowa, na rangi yote ikakimbilia mpakani na kuacha mstari mkali katikati ya tumbo la ng'ombe, kana kwamba nimechora ng'ombe wawili nikawaunga. Karatasi yenyewe ilijikunja kama gome la mdalasini. Na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, hilo halina mzaha. Siku hizi naazima draya ya saluni kwa jirani. Naishika kwa mbali na kuizungusha bila kutulia, tena baada ya mng'ao kupotea, kwa sababu ukipuliza rangi ikiwa bado maji unaitembeza usikotaka.

Lakini kuna zawadi katika kuchelewa huku, na wengi hawaioni. Zipo rangi zenye chengachenga nzito, kama bluu ya ultramarini na ile kahawia ya udongo uliochomwa iitwayo siena. Ukizichanganya unapata kijivu. Zikikauka haraka zinabaki kijivu kimoja kilichokufa. Zikipewa muda, chengachenga zinazama kwenye vibonde vya karatasi, bluu ikijitenga kidogo hapa na kahawia pale, nawe unapata kijivu kinachopumua, chenye ubaridi na uvuguvugu kwa pamoja. Ndicho kijivu cha ngozi ya tembo na cha mawingu yetu. Nimejaribu kukipata Januari nikashindwa. Tafadhali acheni kuchanganya nyeusi na nyeupe mkadhani mmechora ukungu. Hiyo ni saruji.

Sasa, kwa nini nasema maji yabaki nyumbani? Hili nilijifunza kwa mtu aliyechora kwenye baridi ambayo sisi hatutaijua. Edward Wilson alikuwa daktari na mchoraji kutoka Uingereza, aliyekwenda Antaktika na Robert Falcon Scott na kufa naye huko mwaka 1912 wakitoka kwenye Ncha ya Kusini. Nje maji yaliganda, na vidole vilivuliwa glavu kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo Wilson alitoka na penseli. Alichora mistari michache ya barafu, anga au pengwini, akaandika rangi kwa maneno palepale juu ya mchoro, kisha akapaka rangi za maji baadaye ndani ya kibanda, kwenye mwanga wa taa. Anga zake za alfajiri ya Antaktika, zile za waridi na kijani hafifu, ziliandikwa kwanza ndipo zikapakwa.

Mbinu hiyo tumeileta Moshi, na nadhani Kiswahili kinaifaa kuliko lugha nyingi, maana rangi zetu nyingi zina mwili. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Kuna zambarau, kuna chungwa, kuna rangi ya ugoro, ya maji ya kunde, ya damu ya mzee. Mwanafunzi akiandika "kahawia" sina hakika ameona nini. Akiandika "ugoro uliolowa", nimeshaiona. Jumamosi iliyopita binti mmoja alimchora kwarara aliyekuwa akidonoa minyoo kwenye nyasi za kiwanja. Ukimtazama haraka utasema ni ndege wa rangi ya tope na yamekwisha. Yeye aliandika: "mgongo ugoro, begani kijani cha chupa, akigeuka zambarau, mguu majivu." Nyumbani akampaka kwa maneno hayo manne, na kwarara akatoka akiwa hai, bila picha ya simu. Simu ingempa ndege mweusi tu, kwa sababu kwenye mwanga hafifu kamera inameza rangi za kivulini.

Kwa hiyo utaratibu wetu wa kipupwe uko hivi: asubuhi penseli na maneno, mchana au jioni maji, ndani. Penseli laini ya 2B inatosha. Kalamu ya wino usibebe, manyunyu yataila.

Na hao wanyama wenyewe, baridi inawatuliza kuliko mnavyofikiri. Msitu wa Rau uko hapohapo kando ya mji na una mbega. Mbega anaishi kwa majani, chakula kigumu kukisaga, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku ameketi tu tumbo likifanya kazi. Asubuhi ya baridi ndiyo kabisa: wanapanda matawi ya juu, wanasogeleana na kungoja jua wameangalia upande mmoja kama abiria wa daladala. Utapata dakika 20 za mnyama asiyetikisika. Niambieni ni mbuzi gani atawapa dakika 20.

Mbega ndiye mwalimu mkali wa rangi za maji, maana ni mweusi na mweupe, na rangi zote mbili hatuzitumii. Nyeupe yetu ni karatasi yenyewe. Ile joho ndefu inayoning'inia ubavuni na ule mkia wa manyoya mengi havipakwi. Unapaka majani yaliyo nyuma yake, umbo lake linabaki limeachwa. Ndiyo maana penseli ni lazima itangulie: ukikosea mpaka wa joho, hakuna wa kukurudishia karatasi. Nyeusi nayo naipata kwa ultramarini nyingi na siena, nzito kama uji, na upande wa mgongo unaotazama anga naongeza bluu kidogo, kwani manyoya yaliyolowa hurudisha mwanga wa mawingu. Ukibahatika kumwona mtoto mchanga, kazi inageuka juu chini. Huzaliwa mweupe mwili mzima, hivyo kifuani pa mama yake utaona tundu jeupe lenye uso. Mara ya kwanza nilidhani mama amebeba tambara.

Kijana anayetuongoza kule Rau alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," akatazama daftari langu, akaniuliza mbona nimechora majani tu. Nikamwonyesha ile nafasi tupu katikati. Akakaa kimya kidogo, kisha akacheka: "Kumbe yumo!"

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni habari nyingine. Pale unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, na twiga ni wengi. Twiga kwenye ukungu ni somo la kuacha. Kila anayeanza huanza na madoa, kwa sababu madoa ya twiga wa kwetu ni mazuri mno, yana kingo za kuchongoka kama majani ya mzabibu. Lakini twiga aliye mbali ndani ya ukungu hana madoa. Ana shingo, ana mteremko wa mgongo, na rangi yake haitofautiani sana na ya miti. Mpake mwili wote kwa mpako mmoja hafifu karatasi ikiwa bado na unyevu, miguu iyeyukie chini kwenye nyasi. Yule wa karibu ndiye umpe madoa, karatasi ikishakauka kabisa. Giza zito kuliko yote lipo kwa aliye karibu, na likitokea kwa wa mbali hata mara moja, ukungu wote umeondoka kwenye picha yako. Mimi huenda na karatasi ndogo, saizi ya daftari la shule iliyokatwa nusu, kwa sababu mpako mkubwa kwenye unyevu ule ni kujitafutia ugomvi.

Kinyonga nitamtaja kwa ufupi. Kukiwa na baridi hana mbio, na mara nyingi amejitia weusi ili avute joto la jua. Kwa hiyo mchoreni alivyo asubuhi hiyo, na ule ukijani wa kwenye kalenda muuache kwenye kalenda.

Imebaki adui wa ndani. Kiswahili kimeniwekea mtego hapa, kwamba neno ni lilelile: ukungu wa nje nautaka, ukungu wa ndani unanitia hasara. Kibati cha rangi ukikifunga kikiwa na maji, baada ya wiki utakuta vinyweleo vyeupe vimeota juu ya rangi ya manjano. Kiache wazi mpaka kikauke, hata kama ni siku nzima. Daftari ukilifunga na unyevu kurasa zinagandana. Nilipoteza michoro sita ya Marangu namna hiyo, ndani ya mkoba, kwenye daladala, njiani kurudi mjini. Mbaya zaidi ni karatasi safi. Karatasi nzuri ya pamba, ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ina gundi inayozuia maji yasizame haraka. Ikikaa kwenye unyevu miezi miwili mitatu gundi hiyo inaharibika kwa madoa usiyoyaona. Siku unapopaka, rangi inanyweka hapa na pale kama umepaka kwenye kitambaa, na karatasi ilishakula pesa yako. Kwa mazoezi wengine hutumia manila, lakini manila ikilowa mara ya pili inatoa nyuzinyuzi. Ichukulieni ya penseli.

Dawa yangu ni mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, ambavyo kazi yake ni kunyonya unyevu. Kipo kiduka cha viatu karibu na stendi, na mwenye duka ameshanizoea. Nikisimama tu mlangoni ananiwahi: "Mwalimu, leo viatu, au vile vitu vyako?"