Sataranji kwa Anayeanza: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, ubao wa drafti haukosi watu. Vizibo vya soda hugongwa tangu alasiri mpaka kahawa ya usiku, na mtoto hujua kula na kuliwa kabla hajavuka madarasa ya mwanzo. Kwa hiyo kijana anapokuja kujifunza sataranji, ambayo wenzake wengi huiita chesi, haji mikono mitupu: analo jicho la kuusoma ubao, anayo subira ya kukaa, lakini pia anayo mazoea na maneno ya kusikia yatakayomchelewesha asipoachana nayo. Katika miaka niliyowafundisha wanaoanza nimeona kwamba wengi hawashindwi kwa kukosa akili wala kwa kukosa vitabu. Hushindwa kwa sababu huacha kete zao bila ulinzi na hawajiulizi mpinzani amecheza vile kwa nini. Karibu kila dhana nitakayoieleza hapa ina kosa hilohilo la kumwondolea mchezaji macho ubaoni.

Iliyo nzito zaidi kwetu inatoka kwenye drafti yenyewe, nayo ni kwamba kete inayolika sharti iliwe. Katika drafti hiyo ndiyo kanuni, huna hiari. Katika sataranji kula ni hiari, isipokuwa pale ambapo mfalme wako ametishiwa na hakuna njia nyingine ya kumwokoa. Mkono uliozoea vizibo haulijui hilo. Ukiona askari hana mlinzi, umeshamnyanyua.

Upo mtego wa zamani ninaowaonyesha wanafunzi wangu wote. Kila mraba una jina lake: herufi a hadi h hutaja safu kuanzia kushoto kwa mweupe, na namba 1 hadi 8 hutaja mistari kuanzia upande wake. Mweupe anapeleka askari e4, mweusi anajibu e5. Farasi mweupe anatoka f3, wa mweusi c6. Askofu mweupe anakaa c4, na hapo mweusi anampeleka farasi wake d4, hatua inayoonekana ya kipuuzi kwa kuwa inamwacha askari wa e5 bila mlinzi. Mweupe anamla kwa farasi. Malkia mweusi anatua g5, akimtishia farasi huyo pamoja na askari wa g2 kwa pigo moja. Mweupe, ambaye bado njaa haijamtoka, anakula tena pale f7 na kufurahi kwamba farasi wake sasa anamtishia malkia na ngome kwa pamoja. Malkia anakula g2, ngome nyeupe inakimbilia f1, malkia anakula e4 na kumtishia mfalme, askofu anarudi e2 kukinga, kisha farasi mweusi anaruka f3 na mfalme hana pa kwenda. Hatua saba tu! Mweupe alikula mara mbili, na mara zote mbili angeweza kutulia akauliza, “Kwa nini ameniachia?” Kama badala ya kula e5 angemhamisha mfalme wake pamoja na ngome mahali pa usalama, angekuwa na mchezo mzuri.

Sisemi kwamba kula ni kubaya. Anayeanza azijue thamani zinazotumiwa na wachezaji wote kama kipimo: askari 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Kabla ya kugusa kete ahesabu ni wangapi wanaoishambulia nafasi ile na ni wangapi wanaoilinda, ndipo aamue. Hesabu hiyo huchukua sekunde chache, na ndiyo inayookoa michezo mingi kuliko ujanja wowote.

Dhana nyingine inaenea sana miongoni mwa wanaojifunza kwa simu: kwamba mtu hawezi kusonga mbele bila kukariri mifunguo, yaani mfuatano wa hatua za mwanzo wenye majina ya kuvutia. Ukweli ni kwamba mweupe ana hatua 20 zinazowezekana katika zamu yake ya kwanza, na baada ya kila upande kucheza mara moja ubao unaweza kuwa katika hali 400. Aliyekariri mfuatano mmoja hupotea pale mpinzani wake, ambaye naye ni mwanagenzi, anapocheza jambo lisilokuwemo katika somo. Kwake yanatosha mambo matatu: askari washike katikati ya ubao, farasi na maaskofu watoke mapema, na mfalme ahamishwe salama kabla vita havijaanza. Mifunguo ina wakati wake, nao huja baada ya mtu kuacha kupoteza kete za bure.

Ndugu wa dhana hiyo ni chekimeti (mfalme kutishiwa akakosa pa kuokokea) ya hatua nne, ambayo watoto huipenda kupita kiasi: askari e4, askofu c4, malkia h5, kisha malkia anakula f7. Anayeijua humshinda asiyeijua, basi, hakuna zaidi. Mweusi aliyekwisha kutoa askari e5 na farasi c6 anahitaji tu kusogeza askari g6 kumfukuza malkia. Malkia akirudi f3 kuitazama f7 tena, farasi wa pili anatoka f6 na kuziba njia. Sasa utazame ubao: mweusi ana farasi wawili uwanjani, na mweupe ametumia zamu mbili kumtembeza malkia aliyerudi bila kitu.

Kuhusu akili za kuzaliwa nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu dhana hii huwavunja watu moyo kabla hawajaanza. Nimewasikia wazazi wakimwambia mtoto mbele yangu kwamba mchezo huu ni wa watu wenye vipaji na kwamba mabingwa huona hatua ishirini mbele. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1946, aliwaomba wachezaji wa viwango mbalimbali wafikiri kwa sauti mbele ya ubao. Hakukuta kwamba walio bora kabisa walitazama mbali sana kuliko waliowafuatia. Walichowazidi ni kwamba hatua chache walizozichunguza zilikuwa zenye maana. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani wakaonyesha jambo la kufurahisha zaidi. Kete zikipangwa kama zilivyo katika mchezo halisi, bingwa huzitazama kwa sekunde tano na kukumbuka nyingi kuliko anayeanza. Zikitawanywa ovyo, ubora wake karibu wote hupotea. Kumbe bingwa haoni kete moja moja. Anaona sura alizokwisha kukutana nazo mara nyingi, kama msomaji anavyoona neno zima badala ya herufi. Sura hizo hupatikana kwa mazoezi, na njia rahisi ya kuzikusanya ni mafumbo mafupi ya kila siku, kama yale yanayopatikana bila malipo kwenye tovuti ya Lichess.

Vifaa ghali na umri navyo si vizuizi. Phiona Mutesi, mchezaji wa Uganda, alijifunza katika mtaa maskini wa Katwe, Kampala, naye alipata cheo chake cha kimataifa katika Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012. Mtu mzima aliyechelewa anaweza kuendelea vizuri akiwa na utaratibu. Pengine hatapanda haraka kama mtoto, lakini atapanda.

Wapo wanaoamini kwamba wingi wa michezo ndio mwalimu. Hucheza michezo ya dakika tatu, hamsini kwa siku, na baada ya mwaka wako palepale, kwa kuwa mchezo wa haraka hurudia mazoea yaliyopo na hautoi nafasi ya kuyasahihisha. Binti wa jirani yangu alikuwa hivyo. Nilimpa daftari, nikamwambia acheze mchezo mmoja tu jioni, wa dakika thelathini kwa kila upande, aandike kila hatua, na baada ya mchezo azungushie wino mwekundu kila mahali alipopoteza kete bure. Kurasa za kwanza zilikuwa nyekundu kiasi kwamba aliona haya kunionyesha. “Mwalimu, nilidhani nashindwa kwa mahesabu makubwa,” aliniambia, “kumbe nampa farasi mkononi.” Wekundu ulipungua wiki hadi wiki, na ushindi ukaja bila yeye kujifunza mfunguo mpya hata mmoja. Programu ya kompyuta ingemwonyesha makosa hayohayo papo hapo, lakini nashauri mtu atafute mwenyewe kwanza, kwani jibu lisilotafutwa halikai kichwani.

Mwisho wa mchezo ndio hudharauliwa kuliko yote, eti anayeanza hafiki huko. Hufika, tena akiwa mbele, kisha huutupa ushindi. Nimeona kijana akiwa na mfalme f6 na malkia g1, dhidi ya mfalme mweusi aliye peke yake pale h8. Malkia g7 ilikuwa chekimeti. Yeye akamweka g6: mfalme mweusi hajatishiwa, na hana hata mraba mmoja wa kwenda. Kwa kanuni hiyo ni sare.

Kwa hiyo nawaanzisha na kete tatu tu. Mfalme mweupe e6, askari wake nyuma yake e5, mfalme mweusi e8: mweupe hushinda, iwe zamu ni yake au ya mwenzake. Kisha nabadilisha nafasi, askari atangulie e6, mfalme awe nyuma e5, mweusi asimame e7: hapo mweusi akijua kurudi moja kwa moja e8, ni sare. Mwanafunzi hucheza hali hizo mbili kwa rangi zote mbili, akibadilishana na mwenzake, mpaka aweze kunieleza kwa maneno yake kwa nini mfalme hutangulia askari wake.