Mashine ya CPAP Ikichoka: Andaa Ushahidi Kabla ya Kwenda Dirisha la Bima

Wagonjwa wa apnea ya usingizi, yaani kukatika pumzi ukiwa umelala, hapa Mwanza huja kliniki na malalamiko yanayofanana. Mashine yao ya kupuliza hewa usiku inanguruma kuliko zamani, hewa inatoka kidogo, au imezima moja kwa moja umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Wengi wanakuwa wameshapita dirisha la bima wakaambiwa walete maelezo ya daktari. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anaandika mstari mmoja: "Mashine imeharibika, apatiwe nyingine." Maombi ya namna hiyo hurudi, na kusema kweli afisa wa bima simlaumu. Ameambiwa habari za mashine, hajaambiwa habari za mgonjwa.

Anayeidhinisha malipo hamjui muombaji. Swali la kwanza analojiuliza ni kama ugonjwa bado upo: mtu ametibiwa miaka yote hii, hajapona tu? Hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo barua inapaswa kulijibu mapema. Mtu mwenye apnea ya usingizi, misuli ya koo hulegea akilala na njia ya hewa ikaziba. Pumzi hukatika sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unamshtua, anavuta hewa kwa nguvu, kisha yanaanza upya. Kipimo cha usingizi huhesabu matukio hayo kwa kila saa, na namba yake huandikwa AHI: kuanzia 5 ni kiwango kidogo, 15 ni cha kati, 30 na kuendelea ni kikali. Mashine ya CPAP, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliitangaza mwaka 1981, hupuliza hewa yenye presha kupitia barakoa ili njia isizibe. Haiponyi ugonjwa. Kwa wengi, ukiivua leo, kesho mwenzio kitandani atakuambia mikoromo imerudi.

Swali la pili ni kama ulikuwa unaitumia. Kampuni za bima zimeshachoka kulipia vifaa vinavyoishia kabatini. Bahati nzuri jibu limo ndani ya mashine yenyewe, maana nyingi za kisasa zina memori kadi inayotunza saa ulizolala nayo kila usiku, matukio ya kukatika pumzi yaliyobaki na hewa iliyovuja kwenye barakoa. Hata mashine ikifa, mara nyingi kadi inasomeka. Basi anayetoka Ukerewe au Sengerema asije na barua peke yake, abebe mashine yote na kadi yake. Na tafadhali mwaga maji kwenye kile kikopo cha unyevu kabla ya safari. Maji yakimwagikia kwenye mota njiani, utakuwa umeiua mwenyewe.

Kuna la tatu ambalo watu hulipuuza: je, kweli haitengenezeki? Anza na vitu vidogo. Vumbi letu la kiangazi halina mzaha, na chujio lililoziba huifanya mashine nzima ionekane mbovu. Umeme ukirudi na nguvu, mara nyingine kinachoungua ni adapta tu. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali au wakala aliyeiuza aiangalie kisha aandike aina ya mashine, namba yake, saa ilizofanya kazi, hitilafu aliyoikuta na kama matengenezo yanawezekana au yana gharama karibu na mashine mpya. Ukimpelekea fundi simu wa mtaani akaifungua, waranti kama bado ipo inaweza kufutika, na hitilafu ya mwanzo haitathibitika tena.

Sasa linganisha ule mstari mmoja na barua kama hii: "Mgonjwa ana apnea ya usingizi ya kiwango kikali, AHI 41 kabla ya tiba. Kwa mashine imeshuka hadi 3. Kadi inaonyesha anaitumia wastani wa saa 6 kwa usiku. Ana shinikizo la damu na ni dereva wa masafa. Mashine ina miaka 6, mota imeharibika, ripoti ya fundi imeambatishwa. Naomba aidhinishiwe CPAP nyingine, presha ya hewa 11." Namba hizi ni za mfano, lakini mpangilio wake ndio tunaoutaka. Ambatisha nakala ya kipimo cha kwanza cha usingizi na proforma (karatasi ya bei) ya muuzaji.

Wapo wanaokuja na kanuni walizosoma intaneti: kwamba bima hubadilisha mashine kila baada ya miaka 5, na lazima uwe umeitumia saa 4 kwa usiku, kwa asilimia 70 ya siku katika siku 30 mfululizo. Kanuni hizo ni za Medicare, bima ya serikali ya Marekani. Ile ya saa 4 huangaliwa katika miezi 3 ya mwanzo ya tiba; kwa mashine ya kubadilisha, daktari wa huko huandika kwamba mgonjwa bado anaihitaji na anaitumia. Hapa hutaidai haki hiyo kwa NHIF, bima ya afya ya taifa, wala kwa kampuni binafsi. Kilicho chako ni kitita cha mafao ulichochangia, au mkataba ambao mwajiri wako amesaini. Uliza kwa maandishi kama kifaa hicho kimo, kikomo chake ni shilingi ngapi, na kama barakoa na bomba vinahesabiwa pamoja na mashine au pembeni. Omba kibali kabla ya kununua. Risiti inayotangulia kibali ni ngumu kuitetea.

Mashine ikiibwa, pita polisi uchukue RB, namba ya taarifa ya tukio, kwanza. Kama nyumba na vyombo vyako vina bima, huenda huko ndiko pa kudai.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. "Haimo kwenye kitita" na "nyaraka hazijatimia" ni majibu tofauti kabisa, na la pili linarekebishika. Kwa bima binafsi, ukishindwana na kampuni yenyewe unaweza kupeleka lalamiko TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, yenye ofisi ya kanda hapahapa Mwanza. Kwa NHIF, anzia ofisi yao ya mkoa.

Wakati unasubiri, lala ubavu, inua kichwa cha kitanda, acha pombe na dawa za usingizi, na usishike usukani wa safari ndefu huku unasinzia. Akitokea ndugu wa Marekani na mashine iliyotumika, angalia aina na namba yake kabla ya kuivaa: Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake, zikiwemo DreamStation nyingi za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa ikimeguka na chembe zake kuweza kuvutwa na mgonjwa. Ikiwa salama, ilete kliniki tuiwekee presha yako, maana hiyo iliyomo ni ya mtu mwingine.