Punyeto haiui mishipa
Kwenye nguzo za umeme Dar es Salaam kuna vibao vya "Nguvu za kiume", na namba ya simu chini. Kijana akipiga, mara nyingi huambiwa mishipa yake imelegea kwa sababu ya punyeto. Hofu hii ni ya kale: daktari wa Uswisi, Samuel-Auguste Tissot, aliieneza kwa kitabu chake cha 1760. Lakini punyeto hailegezi mshipa wowote.

Uume husimama damu inapoingia na kubaki humo, kwa amri ya ubongo na neva. Kwa vijana wengi kinachovuruga ni wasiwasi. Akishindwa siku moja, safari ijayo anajichunguza badala ya kuwa na mwenzake, na mwili unagoma. Kama alfajiri bado anaamka umesimama, mishipa kwa kawaida ni mizima.

Hali hiyo ya alfajiri ikipotea kwa wiki kadhaa, nenda ukapime sukari na presha. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huweza kuonyesha shida mapema. Sigara, pombe nyingi, sonona na baadhi ya dawa zake huchangia pia. Na tafadhali sana, usinywe unga wa nguvu za kiume usioujua. Baadhi huchanganywa kisirisiri na sildenafili (dawa iliyomo kwenye Viagra), hatari kubwa kwa anayetumia dawa za moyo za naitreti.