Tenda ya kuwasaidia wanajeshi si ajira ya wanajeshi

Neno "tenda" limebebeshwa mengi hapa Tabora, lakini hili la karibuni limezidi. Habari inazunguka kwenye simu kwamba serikali ya Marekani "inatoa tenda kwa wanajeshi wanaotoka jeshini", na kuanzia vijiwe vya kahawa vya Ng'ambo hadi steshenari za karibu na stendi inaeleweka kwa namna moja tu: wanajeshi wanagawiwa kazi. Kijana wa jirani yangu aliyemaliza JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwenye kambi ya Msange ameshachapisha sivii, anatafuta wa kumjazia fomu.

Maana yake ni fupi. Serikali inataka mtu anayevua kombati aandaliwe kuingia uraiani: aandike wasifu unaosomeka, ajue kujibu maswali ya usaili, apange fedha zake, aelewe haki zake. Kazi hiyo ya kumwandaa, au sehemu yake, serikali inainunua kwa kampuni. Inatangaza zabuni, kampuni zinashindana, inayoshinda inasaini mkataba na kulipwa. Huo ndio mkataba wa huduma za mpito kutoka jeshini kwenda uraiani.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Mkataba huo una pande mbili, serikali na mzabuni. Mwanajeshi hayumo. Yeye ni mnufaika, kama wanafunzi wa Tabora Boys wanavyokula maharage ya mzabuni bila hata mmoja wao kuwa ameomba zabuni ya chakula. Hakuna anayemwita mwanafunzi mzabuni kwa sababu sahani iko mbele yake, ila likija suala la wanajeshi tunachanganya aliyelipwa kutoa huduma na aliyekaa darasani kuipokea.

Hata mzabuni mwenyewe hakuahidi ajira. Ukifungua hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, za mkataba wa mafunzo wa aina hii, mambo yanayohesabiwa ni ya kawaida kabisa: mwezeshaji ana sifa zilizotajwa, darasa limefanyika siku na mahali palipopangwa, mtaala umefuatwa, karatasi ya mahudhurio imesainiwa. Hati ya malipo inapitishwa kwa hayo. Mwanajeshi akipata kazi wiki ijayo, vizuri. Asipopata, darasa lilifanyika na mzabuni analipwa. Unaweza kuuona ni udhaifu, na mimi nauona hivyo, lakini ndivyo huduma inavyonunuliwa: unalipia ulichoweza kukipima.

Mpango wenyewe wa Marekani ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, na sheria ya 2011 ikaufanya kuwa wa lazima kwa karibu kila anayeondoka. Wanaoondoka ni takriban 200,000 kwa mwaka. Anayeacha jeshi anatakiwa aanze maandalizi si chini ya siku 365 kabla ya tarehe yake, na anayestaafu anashauriwa aanze miaka 2 kabla. Warsha za ajira ziko chini ya Wizara ya Kazi, si jeshi lenyewe, na ndizo zinazofundishwa na wawezeshaji wa kampuni yenye mkataba. Uingereza nako, tangu 1998, Wizara ya Ulinzi imeifanya kazi hii kwa ubia na kampuni binafsi, na huduma kamili ni ya aliyetumikia miaka 6 au zaidi. Kote huko anayeandaliwa ni yule ambaye bado yumo au ametoka kwenye jeshi lao. Mtu wa Isevya, hapa kwetu Tabora, hana pa kujaza jina.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo chanzo cha nusu ya mkanganyiko. Marekani hiyo hiyo ina utaratibu wa kutenga zabuni kwa kampuni zinazomilikiwa na waliowahi kuwa wanajeshi, hasa waliopata ulemavu kazini. Mmiliki wa namna hiyo awe na angalau asilimia 51 ya kampuni. Lengo la serikali kuu lilikuwa asilimia 3 ya thamani ya mikataba, likapandishwa hadi asilimia 5. Hapo kweli mwanajeshi wa zamani ndiye mzabuni, lakini anaweza kuwa anauza saruji au anafagia ofisi. Hahusiki na kufundisha mtu kuandika wasifu, labda iwe ndiyo biashara yake. Kwetu mfano wa karibu ni ile asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ambayo taasisi za umma zinatakiwa kuwatengea vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Nayo husikii ikiitwa ajira, na anayeitaka anajisajili NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, pamoja na kikundi chake. Haendi na bahasha ya sivii.

Nikirudi Msange, kuna kosa jingine ambalo watu wazima wanalifanya bila aibu: kumwita kijana aliyemaliza JKT "mstaafu wa jeshi". JKT ilianza Julai 10, 1963, na JWTZ, ambalo ndilo jeshi lenyewe la ulinzi, Septemba 1, 1964. Kijana wa kujitolea anaingia kwa mkataba wa miaka 2, anafundishwa ukakamavu, kilimo, ufundi, kisha anarudi nyumbani. Matangazo ya kuandikisha yanaeleza kila mara kwamba JKT haitoi ajira wala haimtafutii kijana kazi kwenye vyombo vya ulinzi, inampa stadi za kujiajiri. Watu wanausoma mstari huo harakaharaka wakiwahi kuona tarehe ya kuripoti. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa makambini kwa vijana 854 waliokuwa wamegoma wakidai ajira jeshini. Lawama za tukio lile sizigawi hapa. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha pengo kati ya mkataba na ajira linavyoweza kuwagharimu watu.

Mstaafu wa JWTZ ni mwingine. Yeye ana pensheni na kiinua mgongo, na mara nyingi ana ujuzi mkubwa usio na cheti cha kiraia: fundi aliyefungua injini za malori miaka 20 lakini hana karatasi ya kumwonyesha mwenye gereji. Huyo ndiye huduma za mpito zilibuniwa kwa ajili yake, na kwa hapa nchini mlango wake wa kwanza ungekuwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwenye utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani kupimwa na kupewa cheti cha ujuzi alioupata kazini.

Kwa hiyo, majirani, kwa upole tu: mkisema "wanajeshi wamepewa tenda", mwenye tenda ni kampuni, wanajeshi wamepewa mafunzo. Na kijana wetu wa Msange hajastaafu. Amemaliza mkataba, ana miaka yake ishirini na kitu, na sivii aliyokwisha kuichapisha inafaa kabisa kuombea kazi hapa hapa mjini.