Urejeshaji wa majengo ya kale: mawe, chokaa na zege

Urejeshaji wa jengo la kihistoria ni kazi ya kulirudishia jengo lililochakaa uimara na sura yake kwa vifaa na mbinu zinazopatana na zile za mjenzi wa kwanza, huku sehemu kubwa iwezekanavyo ya jengo la awali ikiachwa mahali pake. Anayefanya ukarabati wa kawaida hutafuta kifaa kilicho imara zaidi sokoni, ilhali mrejeshaji hutafuta kifaa ambacho ukuta wenyewe utakivumilia. Mara nyingi kifaa hicho huwa ni kile kilicho dhaifu zaidi, na jambo hilo huwawia vigumu kulikubali wenye nyumba wengi, na hata mafundi wazoefu.

Ili kuelewa sababu yake, tuutazame ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao ujenzi wake unafanana na wa nyumba za mawe za Lamu na wa magofu ya Kilwa Kisiwani. Ukuta huo ni mnene, aghalabu nusu mita au zaidi, nao umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na mchanga, na pengine udongo mwekundu. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu hadi joto la nyuzi 900 hivi, kisha kuyamwagia maji. Ikishatiwa ukutani, huvuta hewa ya kaboni dayoksidi polepole na kugeuka tena kuwa jiwe la aina ileile iliyochomwa. Ukuta wa namna hii hauzuii maji kabisa. Huyanywa wakati wa masika na kuyavuta kutoka ardhini, kisha huyatoa kidogo kidogo kupitia viungo na lipu yake ya chokaa. Afya yake yote imo katika kule kunywa na kukauka.

Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824, ni kifaa bora kwa kazi iliyokusudiwa. Ikipakwa juu ya matumbawe, hata hivyo, hufunga njia ya unyevu kutokea. Maji huendelea kuingia kutoka chini na kupitia nyufa za paa, lakini kwa kuwa hayawezi kutoka, hupanda juu zaidi ndani ya ukuta yakibeba chumvi, ambayo mwambaoni haikosekani: imo katika matumbawe yenyewe, katika mchanga wa pwani na katika upepo wa bahari. Chumvi hiyo huganda kuwa fuwele nyuma ya lipu ngumu na kulivunja jiwe kutoka ndani. Kwa muda ukuta huonekana mpya na mwenye nyumba huridhika, kisha lipu huanza kutoa sauti ya uwazi ikigongwa, na hatimaye hubanduka kwa vipande vikubwa vinavyoondoka na uso wa jiwe. Nyuma yake fundi hukuta unga mweupe wa chumvi na jiwe linalopukutika kwa kukwaruzwa na ukucha. Uharibifu huo hauna dawa, kwa sababu jiwe lililogeuka unga haliponi.

Kwa hiyo kazi sahihi huanzia juu, kwenye paa na mifereji, maana hakuna lipu itakayodumu ikiwa maji yanaendelea kumiminika ukutani. Baada ya hapo saruji iliyopakwa miaka ya nyuma huondolewa kwa nyundo na tindo, kwa subira, kwani mashine ya kuvunjia hutikisa ukuta mzima. Viungo huchokonolewa mpaka kwenye chokaa iliyo nzima, vumbi hufagiliwa, ukuta hulowanishwa, kisha chokaa hutiwa kwa matabaka membamba ambayo kila moja husubiriwa likaze kabla ya jingine kufuata. Katika jua la pwani hatua hii ndiyo yenye hatari kubwa. Chokaa ikikauka ghafla haipati nafasi ya kuvuta hewa na kukomaa, hivyo hubaki mchanga mtupu, na ndiyo maana mafundi makini hufunika kazi yao kwa magunia mabichi. Ratiba ya mkandarasi isiyotoa majuma hayo ya kusubiri huiua kazi hata pale vifaa vilipochaguliwa vizuri. Kiungo chenyewe kinapaswa kuwa laini kuliko jiwe, ili chumvi na mtikisiko vikiushambulia ukuta, viharibu kiungo kwanza. Kiungo kinaweza kujazwa upya, lakini jiwe la asili likishapotea halina mbadala.

Zege la nondo lina maradhi ya namna nyingine. Zege jipya lina alkali nyingi inayoukinga uso wa nondo dhidi ya kutu. Kadiri miaka inavyopita, kaboni dayoksidi hupenya na kuipunguza alkali hiyo. Kwa maneno mengine, hewa ileile inayoikomaza chokaa ndiyo inayoivua nondo kinga yake. Karibu na bahari, chumvi huifikia nondo hata kabla ya hapo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi hulisukuma zege mpaka likapasuka. Kuziba ufa kwa juu hakusaidii kitu. Sehemu iliyolegea hukatwa mpaka nyuma ya nondo, kutu husuguliwa yote, nondo iliyokonda huongezewa nyingine, kisha pengo hujazwa kwa mchanganyiko unaokaribiana na zege la zamani kwa ugumu na kwa rangi.

Jengo la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe wa Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash wa Zanzibar, linaunganisha matatizo yote mawili, kwani lina kuta za matumbawe, baraza zilizobebwa na nguzo za chuma, na sakafu za zege juu ya mihimili ya chuma. Sehemu yake ya mbele ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya urejeshaji iliyofadhiliwa na Oman ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa jengo kama hili Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ni mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kihistoria, unatoa mwongozo ninaouona kuwa wa haki: mbinu za kisasa zinaruhusiwa pale mbinu za jadi zinaposhindwa na ubora wake umethibitishwa, kipande kipya kipatane na jengo lakini kiweze kutambulika, na kazi ikome pale dhana tupu inapoanza. Mkataba huo unataka pia michango halali ya kila zama iheshimiwe. Mnara wa saa, ulioanguka pamoja na sehemu ile ya mbele, haukuwa wa mwaka 1883. Uliunganishwa na jengo baada ya mnara uliosimama mbele yake kuharibiwa kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Hata hivyo, kwa msingi huo, mnara huo wa baadaye nao ni sehemu ya historia ya jengo na unastahili kurejeshwa pamoja nalo.