Pepa za Kiingereza za kidato cha nne: acha kuzisoma, ziandike

Kuanzia katikati ya mwaka, steshenari nyingi zilizo jirani na shule za sekondari huwa na rundo la mitihani iliyopita ya kidato cha nne, imetolewa kopi, imebanwa pini, na mara nyingi majibu yako nyuma. Hayo majibu ya nyuma ndiyo ninayogombana nayo. Mwanafunzi anasoma swali, anajiambia "hili nalijua", anafunua nyuma kuhakikisha, anakuta kweli ni hilo, anasonga mbele. Jioni moja tu amemaliza mitihani ya miaka minne. Kesho yake mpe karatasi tupu na swali lilelile: sentensi ya tatu hafiki, amekwama.

Ninafundisha Kiingereza sekondari na huwa nasahihisha mitihani ya utamilifu, kwa hiyo namwona mwanafunzi huyu pande zote mbili, darasani na kwenye karatasi. Tatizo lake si uvivu. Amejizoeza kitu ambacho mtihani haupimi. Somo hili, namba 022 kwenye orodha ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), halikuulizi sana kama ukiliona jibu sahihi utalitambua. Sehemu kubwa ya alama zake 100 inatoka kwenye sentensi utakazozitunga mwenyewe, kwa kalamu, ndani ya saa 3. Kutambua na kutunga ni kazi mbili, na anayejizoeza moja haijui nyingine.

Basi tuanze na vitu vya bure. Tovuti ya NECTA inaweka mitihani iliyopita pamoja na muundo wa mtihani, yaani waraka unaoeleza sehemu zilizopo, idadi ya maswali na mgawanyo wa alama. Soma muundo kwanza, tena ulio wa karibuni, kwa sababu umekuwa ukibadilika na kopi za mtaani hazikwambii hilo. Lakini hazina halisi kwenye tovuti hiyo ni taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, inayotolewa kwa kila somo baada ya mtihani. Nikitaja taarifa hii darasani, wengi huwa ndiyo kwanza wanaisikia, na hata baadhi ya walimu wenzangu hawajawahi kuifungua.

Ndani yake kila swali limechambuliwa: lilitaka nini, watahiniwa walifanyaje, waliokosa walikosea wapi. Ufaulu wa swali umepakwa rangi. Kijani ni asilimia 65 kwenda juu, njano ni 30 hadi 64, nyekundu ni chini ya 30. Na kitu kinachonifanya niipende zaidi: zimewekwa picha za majibu halisi ya watahiniwa, kwa mwandiko wao, mazuri na mabaya. Mwanafunzi akiona jibu lililopata sifuri, limeandikwa na mtu wa rika lake kwa sentensi zinazofanana na zake, anaelewa haraka kuliko nikimhubiria kipindi kizima. Mwanafunzi mwenye saa moja tu ya Kiingereza kwa wiki ningempa taarifa hii kabla ya kitabu chochote cha majibu. Imeandikwa kwa Kiingereza, na hilo nalo ni zoezi la ufahamu.

Ukisoma uchambuzi huo pamoja na karatasi zako mwenyewe, utagundua makosa si mengi kama unavyoogopa. Ni machache, yanajirudia, na mengi yana asili moja: Kiswahili. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengine. Akiingia kidato cha kwanza, Kiingereza kinageuka kuwa lugha ya Fizikia, Jiografia na Historia. Anafikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kosa lenye asili inayojulikana hutibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua lile swali la kubadili sentensi kwa maelekezo, ambalo halichoki kurudi. Unapewa sentensi, unaambiwa uiandike upya kwa kutumia "too… to". Mwanafunzi anaandika: "The tea is too hot for me to drink it." Hiyo "it" ya mwisho imetoka wapi? Imetoka kwenye "siwezi kuinywa". Kiswahili kinaweka -i- ya chai ndani ya kitenzi, na bila hiyo sentensi inasikika pungufu. Kiingereza hapo hakitaki kitu: "The tea is too hot for me to drink." Nukta. Ndugu wa kosa hilo ni "The book which I bought it is lost", mtoto halali wa "kitabu nilichokinunua". Ukishaona -ki- inavyochungulia kwenye "it", hutalisahau.

Unganisha sentensi kwa "although", na utapata "Although he was sick, but he came to school." Sisi husema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na hakuna anayeshangaa. Kiingereza kinakubali kimoja tu, "although" au "but", si vyote viwili.

Kauli ya taarifa ndiyo inayokula alama nyingi zaidi, kwa maoni yangu. "Alisema atakuja kesho" ni Kiswahili safi, hata kama aliyasema mwezi uliopita. Wakati wa kitenzi haurudi nyuma kwa sababu tu mtu mwingine anasimulia. Kwa hiyo mwanafunzi anaandika "She said that she will come tomorrow". Msahihishaji anatafuta "would come" na "the following day", hazipo, anapiga mstari. Hapa kukariri jedwali hakusaidii kama hujajiuliza: aliyasema lini, na mimi nasimulia lini?

Halafu kuna -me-. Mtaani tunasema "nimemwona jana" bila wasiwasi wowote, na matokeo yake ni "I have seen him yesterday". Ukitaja jana, juzi au mwaka jana, Kiingereza kinataka "I saw". Upande wa pili, "niko hapa tangu Jumatatu" inazaa "I am here since Monday", wakati inayotakiwa ni "I have been here since Monday". Yaani palepale tunapoitumia -me- wao hawaitumii, na tusipoitumia wao wanaitumia. Inaudhi, nakubali.

Mkia wa swali ni mfano mwingine. Sisi tuna "siyo?" moja inayofaa kila mahali, hivyo "isn't it?" inagandishwa kwenye kila sentensi. Wao wanabadili kufuata kitenzi na mtu: "You are tired, aren't you?" na "She can't swim, can she?" Na kwa kuwa "yeye" hajali mwanamume wala mwanamke, nimeshasoma insha ambamo mama mzazi ni "he" kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho.

Mambo haya yanafanyiwaje mazoezi? Nunua kaunta buku moja, liwe la makosa tu. Chukua mtihani mmoja, si minne. Fanya sehemu moja bila kufungua kitu chochote, kwa muda unaopimwa. Sahihisha siku hiyohiyo, au mpe mwenzako akusahihishie. Kila ulipokosa, andika kwenye kaunta buku sentensi yako mbovu, chini yake sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kichwani mwako, chini yake sentensi sahihi, kisha tunga mbili zako mpya za aina hiyo. Wiki inayofuata rudia sehemu ileile kutoka mwanzo, ukiwa umeficha daftari. Wanafunzi wanaichukia hatua hii ya kurudia. "Mwalimu, hii tumeshaifanya." Ndiyo, mmeifanya na mmeikosa, kuipata bado.

Kwa nini nasisitiza sehemu hii ya sarufi kuliko insha? Tazama madaraja: D inaanzia 30, C inaanzia 45, B 65, A 75. Mwenye 40 anahitaji alama 5 tu kuvuka. Kuboresha insha ili ikuletee alama 5 zaidi ni kazi ya miezi. Kuacha kuandika "but" baada ya "although", na kujua kwamba "No sooner had the bell rung" inafuatwa na "than" na si "when", ni kazi ya wiki chache.

Barua nayo iko hivyo. Kuna alama za muundo ambazo hazihitaji kipaji. Barua rasmi ina anwani mbili, yako na ya unayemwandikia, tarehe, "Dear Sir" au "Dear Madam", kichwa cha habari, na inafungwa kwa "Yours faithfully". Ya kirafiki ina anwani moja na haina kichwa cha habari. Ukipewa jina la kutumia, tumia hilo, usiweke lako. Andika anwani hizo mara nyingi hadi mkono uzizoee, kisha hamishia nguvu kwenye kiini cha barua: mtu anaomba kazi ya ukarani halafu hasemi popote amesoma hadi wapi wala anaweza kufanya nini.

Kwenye ufahamu, onyo langu ni moja. Kunakili sentensi nzima ya kifungu kwa sababu ina neno lililomo kwenye swali si kujibu. Taarifa za Baraza zimelalamikia tabia hii. Zoezi zuri ni kusoma kifungu, kukigeuza kifudifudi, na kujibu kwa sentensi yako, kisha kufunua kuhakiki. Kwenye muhtasari fanya hivyohivyo, na hesabu maneno. Ukiambiwa yasizidi idadi fulani, wanamaanisha.

Fasihi inataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi hodari wanapoangukia. Karatasi ya mtihani inaorodhesha vitabu, na swali kwa kawaida linataka utumie viwili: riwaya mbili, tamthiliya mbili, au mashairi mawili. Anayefeli si lazima awe hakusoma. Mara nyingi amesoma, tena anakipenda kitabu, na kwa upendo huo anaanza kusimulia hadithi kuanzia mwanzo. Ukurasa na nusu baadaye bado mhusika hajafika mjini, na swali lilikuwa linauliza kwa nini wanawake katika vitabu hivyo wanakosa sauti. Mwingine amekariri "hoja za rushwa" kutoka tuisheni, na swali lolote litakaloulizwa, yeye atatoa rushwa.

Dawa ni kuandika aya, si insha nzima. Chagua mhusika mmoja, jiulize swali moja juu yake, andika aya moja yenye hoja, tukio kutoka kitabuni, na sentensi inayoonyesha tukio hilo linathibitishaje hoja. Hiyo sentensi ya tatu ndiyo wengi wanaiacha. Wanasema mhusika ni jasiri, wanataja alichofanya, basi. Kesho chukua swali lilelile na kitabu cha pili. Ukiwa na aya sita za namna hii una insha, na hujakariri kitu.

Wazazi huniuliza kama mtoto aongezewe tuisheni. Inategemea huko anaandika au ananakili. Omba uone daftari lake: kama lina kurasa na kurasa za maelezo ya mwalimu na hakuna alama ya kalamu nyekundu popote, hela hiyo ingenunua kaunta buku nyingi.

Oktoba ikifika, acha vipande vipande na ukae mtihani mzima walau mara moja kwa wiki, saa 3 mfululizo, bila simu. Alama 100 kwa dakika 180 maana yake kila alama ina chini ya dakika 2. Swali la alama 15 linastahili kama dakika 25, na likifika 30 lifunge, uende linalofuata. Ukianza na fasihi kwa sababu unaipenda, weka saa mezani, maana ndiyo inayomeza muda wa wenzake.

Dakika kumi za mwisho usiongeze hoja. Hakikisha namba yako ya mtihani iko kwenye kila ukurasa, kisha rudi mwanzo ukiwa na macho ya msahihishaji: vitenzi kwanza, halafu zile "it" zilizojipenyeza, halafu kila "but" iliyo karibu na "although".