Mgonjwa wa jeraha la ubongo amerudi nyumbani: maswali ya wanaomuuguza

Karatasi ya kuruhusiwa imejaa vifupisho. Tuisomeje?

Anzeni na dawa. "1×3" kwenye bahasha ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Si vidonge vitatu kwa mpigo. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Namba zenye mkwaju ndizo hupotosha: 5/7 ni siku 5, 2/52 ni wiki 2, 1/12 ni mwezi 1. Anayedhani 1/12 ni tarehe mosi Desemba atapitwa na kliniki.

GCS 9/15 ni kipimo cha fahamu, kwa kuangalia macho, maneno na viungo. Juu kabisa ni 15, chini kabisa ni 3, hakuna sifuri. 13–15 ni jeraha jepesi, 9–12 la wastani, 8 kushuka chini ni kali. Alama hiyo ni ya saa aliyopimwa, na peke yake haisemi atapona kiasi gani.

Mara nyingi maelezo hupewa ndugu aliyekuja kulipa bili, naye atakayekesha na mgonjwa yuko nyumbani. Huyo wa kukesha ndiye aje. Baada ya kuelezwa, amwambie muuguzi: "Naomba nirudie nilivyoelewa, unisahihishe." Si utovu wa adabu, ndiyo njia ya kugundua kosa kabla halijamfikia mgonjwa.

Hajashikwa na kifafa tena. Tuache dawa?

Msiache wenyewe. Wengine huandikiwa fenitoini siku 7 tu, kuzuia kifafa cha siku za mwanzo. Wengine, waliokwisha kushikwa, huimeza miezi au miaka. Kwa hiyo msiige mgonjwa wa jirani. Dawa ya muda mrefu ikikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa mfululizo. Ikibaki ya wiki moja, fuateni nyingine.

Akishikwa, mlazeni ubavu, legezeni nguo shingoni, tazameni saa. Msimtie kijiko mdomoni wala kumbana mikono. Ikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla fahamu hazijarudi, hospitali.

Mbona anapaliwa na maji lakini ugali anaumeza?

Maji hukimbia kuliko koo lake linavyowahi kufunga njia ya hewa. Yakiingia mapafuni huleta nimonia. Mketisheni wima, kichwa kisilale nyuma, mpeni kwa kijiko cha chai, na kila kijiko kisubiri cha kwanza kimezwe. Abaki ameketi dakika 30. Akisinzia, msimlishe hata kama saa ya chakula imefika. Wengine hawakohoi kabisa hata yakiingia mapafuni. Sikilizeni sauti yenye majimaji kooni baada ya kumeza. Mkiisikia, mwoneni daktari.

Amekuwa mkali, anatukana wazazi. Amerogwa?

Hapana. Sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso ndiyo humzuia mtu kutamka kila kinachomjia, na hiyo imeumia. Inauma sana kutukanwa na mtu unayemwogesha, lakini kubishana naye humchochea. Zimeni redio, punguzeni wageni, semeni jambo moja kwa sentensi fupi. Ukali ukizuka ghafla, chunguzeni homa, maumivu, choo kigumu au mkojo uliojaa.

Lini turudi hospitali bila kungoja asubuhi?

Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akilala asiamshike, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, upande mmoja ukilegea, au maji yasiyo na rangi yakitoka puani au sikioni. Damu inaweza kujikusanya polepole wiki kadhaa baada ya ajali, hasa kwa wazee, kwa hiyo hata mwezi wa pili dalili hizi ni za haraka. Kwa maumivu madogo, mtu mzima anaweza kumeza paracetamol ya mg 500, vidonge 2, visizidi 8 kwa saa 24. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuongeza kuvuja damu. Asipewe mpaka daktari aruhusu.